Nyuki wa Nyuma ya Nyumba ya Mwenyekiti

Leo nimepata aibu ya kunitosha mwaka mzima. Nimefika nyumbani Awendo sasa hivi, viatu sijavua, na nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Maana mtasikia. Isebania si mbali hivyo.

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu. Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mitatu sasa napiga picha za wadudu wanaotembelea maua ya porini. Si maua ya bustani. Nasema yale ya kando ya njia, ambayo kila mtu mwenye jembe huyaita magugu. Nalala kifudifudi kando ya shamba la miwa, simu mkononi, na madereva wa malori wananipigia honi wakidhani nimezirai. (Mmoja alisimama kweli. Akashuka na chupa ya maji. Niliona haya kumwambia ukweli, nikanywa.)

Sasa, nina rafiki anaitwa Boke. Tulikuwa naye chuo cha ualimu, yeye akarudi kwao Isebania kufundisha, mimi nikabaki huku. Boke yuko kwenye kikundi cha wakulima wa kanisa lao. Wanalima maboga na maharagwe kwenye shamba lililo nyuma ya kanisa. Msimu huu maboga yamewasumbua. Ua linatoka vizuri, kitoto cha boga kinaonekana, kikifika ukubwa wa ndimu kinageuka manjano na kudondoka. Na wakati wanalia na hilo, mwenyekiti wao akatangaza kwamba Jumatatu ule ukanda wote wa magugu kando ya shamba utapigwa dawa, ubaki udongo mtupu, shamba lipendeze.

Boke akanipigia simu.

"Achieng', njoo uwaambie hawa watu kazi ya nyuki. Mimi nikisema, wanasema Boke anatetea magugu kwa sababu ni mvivu wa kulima."

Nilikubali kabla hajamaliza. Mtu kuniomba mimi niongee juu ya wadudu! Watoto wangu wenyewe hutoka mezani nikianza. Usiku huo nikachagua picha kumi na mbili, zile nzuri kabisa ambazo unaona mpaka vumbi la maua kwenye miguu ya nyuki. Nikamtumia.

"Hizi umepigia wapi?" akauliza.

"Hapa Awendo."

"Haziwezi. Watasema hao ni wadudu wa miwa."

"Boke, nyuki ni nyuki."

"Wee humjui mwenyekiti wetu. Alikuwa karani wa mahakama. Atakuuliza umewatoa wapi, na ukisema Awendo atasema hao hawahusiki na shamba letu. Njoo mapema Jumamosi, piga wa hapa hapa."

Basi leo Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshafika kwa Boke. Nilikuwa na kila kitu: simu yenye chaji, kofia, kanga ya kulalia chini. Miwani yangu ya kusomea ndiyo ilibaki Awendo juu ya madaftari ya Darasa la Sita. Sikujali. Kwa mbali naona vizuri sana. Kitu kilicho mkononi tu ndicho kinachonipotelea kama ukungu. Nikajiambia, kupiga picha ni kubonyeza. (Kumbukeni nilijiambia hivyo nikiwa na akili timamu.)

Kikao kilikuwa saa tatu. Boke akanionyesha nyuma ya jikoni lake.

"Pale kwa ua kuna maua mengi. Pita huko, mimi nakaanga mandazi ya kikao."

Na kweli. Kwenye ule ua wa miti unaomtenga na jirani kulikuwa na mrihani wa porini, ule wenye harufu, umechanua zambarau. Chini yake onyiego tele, ile mimea ambayo mbegu zake huganda kwenye sketi mpaka ufike nazo mjini. Jua ndilo kwanza linapata nguvu. Nikatandika kanga, nikalala, nikatulia.

Naomba niseme hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu nzuri ya siku yangu, na ni ya mwisho. Ukilala chini dakika tano bila kusogea, maua yanakusahau. Nzi wa maua anakuja, yule mwenye milia ya manjano anayejifanya nyigu. Anasimama hewani mbele ya pua yako kama anakukagua. Kisha nyuki wa kawaida, wawili watatu. Kisha kipepeo mdogo wa rangi ya majivu ambaye ukimwona ametua unadhani ni jani. Hakuna anayekuuliza chochote. Nilisikia mafuta ya Boke yakichemka na redio ya mtu ikisoma matangazo ya vifo, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Ndipo akaja yeye. Nyuki wa milia ya buluu.

Huyu ni nyuki mnene, mwepesi kupita kiasi, na tumbo lake lina mistari ya buluu inayong'aa. Miaka mitatu namfuata. Hatui. Anagusa ua, anaenda, anarudi, anaenda. Huyu wa leo alikuwa mzee, mabawa yamechanika kingoni, rangi imepauka, lakini bado ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Nilibonyeza. Akahama, nikahama naye kwa magoti. Nikabonyeza tena. Nikainua simu juu, nikaishusha, nikaipenyeza kwenye nafasi kati ya miti miwili. Upande wa pili wa ua kulikuwa na boma la mtu. Sikuliangalia. Mtu anayemfuata nyuki wa milia ya buluu haangalii boma la mtu.

Nilijaribu kuzitazama picha. Jua lilikuwa linawaka juu ya kioo, na miwani ndiyo hivyo tena. Niliona kitu cha zambarau, na kando yake kitu chenye milia ya buluu. Milia niliiona, jamani! Wazi kabisa! Karibu nilie kwa furaha.

"Umempata?" Boke akapaza sauti kutoka jikoni.

"Nimempata! Mara nyingi!"

"Nionyeshe... ah, mikono ina unga. Nitamwona kwa televisheni kule kikaoni."

Ukumbi wao ni mdogo, wa mabati, lakini una televisheni kubwa ukutani, ya kuonyeshea nyimbo Jumapili. Tulikuta watu kama arobaini, wengi wao kina mama, na wazee wameketi mbele. Katikati ya wazee alikaa mwenyekiti, Mzee Mwita. Suti ya kijivu, kizibao ndani, tai, na suruali yenye mkunjo ulionyooka kama rula. Katika lile joto hatoki jasho hata tone. Mkewe, Mama Robi, alikuwa nyuma kabisa kwenye benchi la kina mama, akishona kitambaa.

Mzee Mwita akasimama. "Mgeni wetu ana dakika ishirini. Baada ya hapo tunapiga kura juu ya dawa ya Jumatatu. Mwalimu, karibu. Uwe na ushahidi."

Boke akaunganisha simu yangu na televisheni kwa waya, akahakikisha picha inaonekana (ilikuwa picha ya mjukuu wangu, wakapiga makofi), kisha akatoka kwenda kumalizia chai.

Sasa mnielewe. Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba mwalimu hageuzi mgongo. Ukiwapa Darasa la Sita mgongo, ukirudisha uso utakuta dawati liko dirishani. Kwa hiyo nilisimama nikiwatazama watu, televisheni nyuma yangu, simu mkononi. Nikafungua picha ya kwanza.

"Huyu," nikasema, "nimempata leo asubuhi, karibu na hapa. Si wa Awendo. Ni wenu."

Ukumbi ukanyamaza. Nikafurahi. Nikaona wameguswa.

"Angalieni hiyo milia ya buluu. Wengi wenu mmepita karibu naye na hamkujua kwamba ana kitu kizuri hivyo."

Mama mmoja akakohoa. Mwingine akajifunika uso kwa leso.

"Si kijana. Mnaona rangi imepauka? Hiyo ni jua. Na hapa pembeni mnaona amechanikachanika. Hiyo ni alama ya kazi. Huyu amezunguka sana."

"Amezunguka kweli," mzee mmoja akasema, na benchi lote likaanza kutikisika.

Nikadhani ni Kiswahili changu cha Kijaluo. Watu wengi huchekea namna ninavyotamka "sh". Nikaendelea.

"Msimdharau kwa sababu amechakaa. Huyu ndiye anawaletea chakula nyumbani!"

Hapo vicheko vikapasuka. Kina mama wanapigana mabega. Mimi nacheka nao! Nasema moyoni, Achieng', leo umepatia. Miaka ishirini na miwili na hujawahi kushika watu hivi.

"Ngoja niwakuzie," nikasema, nikatanua vidole viwili kwenye kioo. "Muone vizuri hapa nyuma."

Kulikuwa na mama wa kitenge cha kijani mstari wa tatu. Alitoka kwenye benchi akakaa sakafuni, mwenyewe, kwa hiari yake.

"Na huyu mwingine," nikapitisha picha, "upepo unampiga huku na huku lakini hajaachia. Ameng'ang'ania."

"Ni kibanio hicho, mwalimu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Sikumwelewa. Nikamwambia maswali ni mwisho.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka. Mzee Mwita. Alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake. Nikaona huyu ndiye mwenye kura nzito, huyu ndiye nimpate. Nikamsogelea kwa heshima zote.

"Mzee wangu, nikuulize. Wewe umewahi kumwona huyu nyumbani kwako?"

Vicheko vikakatika. Hata mama wa sakafuni aliinuka akarudi kwenye benchi.

Mzee Mwita akainua uso. Akasema polepole, kama mtu anayesoma hukumu:

"Mwalimu. Geuka."

Nikageuka.

Kumbukeni kwa mbali naona vizuri.

Kwenye kona ya chini ya televisheni kulikuwa na doa la kahawia, kama mtu alifuta kidole chenye chai. Huyo ndiye nyuki wangu. Nyuma ya doa, safi, angavu, kiasi cha kuhesabu nyuzi, ilikuwa kaptura ya kulalia ya mwanaume. Ya milia ya buluu. Imepauka. Imechanika pembeni. Imeanikwa kwenye kamba kwa vibanio viwili, na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimeikuza sehemu ya makalio mpaka kiraka chake kilichoshonwa kwa uzi mwekundu kilikuwa kikubwa kama mlango. Ile simu mjinga ilimwacha nyuki aliye karibu ikaenda kulenga kilicho mbali.

Nikapitisha picha nyingine. (Sijui kwa nini. Mkono uliamua.) Kaptura. Nyingine. Kaptura na fulana. Nyingine. Kaptura, na nyuma yake mlango wa nyumba wenye jina la familia ya Mzee Mwita limeandikwa kwa rangi ya mafuta.

"Yaye," nikasema. Ndilo neno pekee lililobaki.

Hapo ndipo Boke akaingia na birika la chai. Akatazama televisheni. Akanitazama. Akageuka na birika lake akatoka. Rafiki wa miaka yote hiyo!

Mzee Mwita akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu," akasema, "kwanza iandikwe kwamba nguo hiyo si yangu."

Kutoka benchi la nyuma, bila kuinua sauti na bila kuacha kushona, Mama Robi akajibu:

"Ni yako. Nimeianika mwenyewe saa moja."

Sitawaelezea hicho kicheko. Mabati yalilia. Mimi nilikuwa nimeshika meza, nimesahau hata mlango uko upande gani. Niliomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kijaluo, nikaomba kwa mikono. Nilimwambia mzee sikujua ni kwake, sikuona kamba, nilikuwa namfuata nyuki, naapa nilikuwa namfuata nyuki.

Akaninyamazisha kwa kiganja. Na sikilizeni, hapa nilimheshimu yule mzee. Angeweza kunifukuza na kura ikapigwa palepale. Alikohoa, akasubiri watu wafute machozi, akasema:

"Mgeni ameleta ushahidi wa nguo. Tumeuona. Wengine wameuona mara saba. Ushahidi wa nyuki uko wapi?"

"Uko nje, mzee," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto wa chekechea.

"Basi tutoke."

Tukatoka wote arobaini, tukaenda nyuma ya kanisa, tukasimama mbele ya ule ukanda wa magugu. Mrihani, onyiego, maua madogo ya manjano nisiyojua jina lake. Na hakuna mdudu. Hata mmoja! Dakika moja. Dakika mbili. Mtu akaanza kukoroma makusudi. Nikaanza kufikiria jinsi ya kuhamia mji mwingine kabisa, labda Mbita, nikae karibu na maji.

"Tusimame bila kusogea," nikasema. "Wanaogopa vivuli vyetu."

Tukatulia. Ni kitu cha ajabu kidogo, watu wazima arobaini wamesimama kimya mbele ya magugu. Kisha mmoja akaja. Nyuki wa kawaida tu. Akatua kwenye onyiego. Mwingine. Watatu. Ukisikiliza unasikia ukanda mzima unanguruma chinichini, na kumbe ulikuwa unanguruma tangu zamani.

Mzee Mwita akatoa kitambaa mfukoni, akakitandika chini, akapiga goti juu yake na suti yake yote. Nikapiga goti kando yake. Nyuki mmoja akaruka kutoka onyiego mpaka ua la boga, lililokuwa limeanza kujikunja kwa jua. Akaingia ndani. Akatoka amejaa manjano mwili mzima, kama mtoto aliyeachwa na debe la unga.

"Huyu amejipaka nini?" mzee akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Unga wa ua la dume. Anaupeleka kwa ua la jike. Asipoupeleka, boga halikui. Linafika saizi ya ndimu, linaanguka."

Akamfuata yule nyuki kwa macho, ua la kwanza, la pili, la tatu.

"Na sisi tukipiga dawa hapa?"

"Maua ya boga yanafunguka asubuhi tu, mzee. Saa hizi yanafunga. Sasa huyu mchana wote atakula wapi?"

Akaangalia yale magugu kama mtu anayekagua nyumba ya mpangaji. Mama Robi alikuwa amesimama nyuma yetu na kitambaa chake.

Kura ikapigwa palepale shambani. Dawa isipigwe mpaka maboga yavunwe, njia tu ndiyo ifyekwe watu wapite. Mikono ikainuka. Wa mwisho kuinua alikuwa mwenyekiti, polepole, lakini aliinua. Wazee wawili walikataa. Mmoja alisema magugu yanaleta nyoka, nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni kweli, huleta.

Tulikunywa chai. Boke alinimiminia bila kunitazama usoni, maana kila akinitazama alikuwa anamwaga. Wakati wa kuaga, Mama Robi akanishika mkono akanivuta kando.

"Mwalimu, zile picha usifute. Nitumie moja."

"Ya nyuki, mama?"

"Nyuki gani! Ya kaptura. Miaka mingi namwambia anunue nyingine, ananiambia iko sawa, nani anaiona. Sasa nitamjibu."

Nikamtumia. Saba zote. Nilidhani kutenda wema kungenipunguzia aibu.

Ndipo sasa hivi, nikiwa mlangoni, Boke amenitumia picha ya kitabu cha kumbukumbu za kikao. Katibu ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mgeni alifundisha juu ya wadudu kwa kutumia mavazi. Wanachama walielewa. Imeamuliwa aalikwe tena."

Nimesoma mara mbili kwa miwani yangu. Ni hivyo hivyo.

Basi, nawaomba kwa upole: anayetaka kucheka acheke usiku huu, amalize. Kesho ni Jumapili, nina zamu ya kusoma somo kanisani kwangu, na ningependa kuinua uso.